Uvumi wa Maradhi ya Mgombea: Muislamu Afanye Nini?



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, Ahli zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Kila ukifika msimu wa kampeni, maswali ninayoulizwa baada ya darsa hubadilika. Miezi mingine watu huuliza kuhusu mirathi, talaka na eda. Msimu wa kampeni huja na simu mkononi. Kijana mmoja alinifuata baada ya Sala ya Isha, akanisikilizisha sauti ya mtu asiyejitaja jina. Sauti ile ilieleza kuwa mgombea fulani hali yake ni mbaya, kwamba kapelekwa nje usiku wa manane na wanaomzunguka wanaficha. Mwisho wake yule msemaji akaomba ujumbe ule ufikishwe kwa Waislamu wote. Kijana akaniuliza mambo matatu: Je, niirushe kwa wenzangu? Je, kuirusha ni haramu? Na kama ni kweli, si haki ya watu kujua?

Ni maswali ya mtu anayemuogopa Mola wake, na hayajibiki kwa neno moja. Muhtasari wa jibu ni huu: afya ya anayeomba kuwaongoza watu ni jambo ambalo raia ana haki ya kuliuliza, lakini aliulize kupitia mlango wake. Uvumi si mlango wake. Anayerusha uvumi wa maradhi hujiingiza katika dhambi, uwe wa kweli au wa uongo. Ufafanuzi wake ni kama ufuatao.

Uvumi uliotikisa Madina

Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na jirani yake katika Answari, wakipokezana zamu ya kwenda kwa Mtume (s.a.w.). Siku moja huyu alishuka, siku ya pili yule, na kila mmoja akimletea mwenzake khabari za siku hiyo. Usiku mmoja jirani yule alibisha mlango kwa nguvu sana. Wakati ule watu wa Madina walikuwa wakihofia kuvamiwa na Ghassan, kwa hivyo Umar aliuliza kama Ghassan wamekwisha kuja. Jirani akamjibu kuwa limetokea kubwa kuliko hilo: Mtume amewapa talaka wake zake.

Umar alikwenda kwa binti yake Hafsa (r.a.), akamkuta analia. Alipomuuliza kama amepewa talaka, alijibu kuwa hajui. Akaingia msikitini, akawakuta watu wamejiinamia, wengine wanalia. Wote walikuwa na khabari ile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisikia kwa Mtume mwenyewe. Basi Umar akenda kwenye chumba cha juu alimokuwa Mtume, akaomba ruhusa, hakujibiwa. Akarudi akaomba tena, na tena, mpaka akaruhusiwa. Akauliza akiwa bado amesimama. Mtume akamjibu kuwa hakuwapa talaka. Umar akatoa takbira. Na katika riwaya ya Imam Muslim, alisimama kwenye mlango wa msikiti akatangaza kwa sauti ya juu kuwa khabari ile haikuwa kweli.

Katika riwaya hiyohiyo Umar anaeleza kuwa hapo ndipo iliposhuka aya ya 83 ya Suratun Nisaa. Aya hiyo inawalaumu wanaoitangaza kila khabari ya amani au ya khofu pindi inapowafikia, na inaelekeza irudishwe kwa Mtume na kwa wenye madaraka, ili wenye uwezo wa kuchunguza waujue ukweli wake.

Ndugu zangu, kisa hiki kina mafunzo mengi. Mimi nitataja matatu yanayohusu swali letu.

La kwanza, aliyeileta khabari alikuwa Swahaba, mtu mwema na jirani muaminifu. Hakukusudia uongo, alisema kile kilichosemwa. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe pale anapotujia fasiki na khabari, na wengi wetu tunadhani tukishatumiwa na mtu mwema basi tumesalimika. La. Mtu mwema naye hukosea, hasa akiwa na khofu.

La pili, uvumi ule ulikuwa na kitu cha kweli ndani yake. Mtume alikuwa kweli amejitenga na wake zake, kwani aliapa kutowaingilia mwezi mmoja. Watu waliona kujitenga, wakakisia talaka, kisha wakaisimulia talaka kana kwamba wameiona. Uvumi wa maradhi ya wagombea huzaliwa vivi hivi. Mgombea kakosa mkutano mmoja, hilo ni kweli. Kahutubia dakika chache, hilo ni kweli. Kashikwa mkono kupanda jukwaa, hilo nalo limeonekana. Baada ya hapo anakuja mtu anasema ana ugonjwa fulani na amebakisha miezi fulani, na hilo hakuna aliyeliona. Tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Madina lililokuwepo ni kujitenga, na lililosemwa ni talaka. Talaka haikuwepo, wala haikuja.

La tatu, Umar alikuwa na haki ya kuuliza na akaitumia. Hakukaa kimya kwa kusema kuwa hayo ni mambo ya ndani ya watu. Alikwenda kwa mwenye khabari, akavumilia kurudishwa mlangoni, kisha akaenda kuwatuliza watu kwa tangazo la wazi.

Mizani ya ghiba na buhtani

Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaeleza Maswahaba maana ya ghiba: ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa, vipi ikiwa analo kweli hilo analotajwa nalo? Akafahamisha kuwa akiwa nalo ndiyo umemteta, na akiwa hana umemzulia, na huko kuzua ndiko kunakoitwa buhtani.

Ipime sauti ile ya simu kwa mizani hii. Ikiwa mgombea kweli ni mgonjwa, na hakupenda maradhi yake yatangazwe, basi anayeirusha amesengenya. Ikiwa si mgonjwa, amezua. Hakuna mlango wa tatu wa kutokea kwa mtu asiyejua na asiye na haja ya kisheria ya kusema.

Wapo wanaojikinga kwa kuandika juu ya ujumbe kuwa wanautuma kama walivyoupokea. Hiyo si kinga. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa yatosha kumfanya mtu awe muongo kusimulia kila anachokisikia. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, usemi wa "watu wanadai" ameuita kipando kibaya cha mtu. Mwenye kupanda kipando hicho hufika haraka, lakini hajui anafika wapi.

Basi tusiulize kabisa?

Hapa ndipo baadhi yetu masheikh tunapokosea upande wa pili. Tunawaambia watu wanyamaze tu, kana kwamba afya ya kiongozi haiwahusu. Dini yetu haikusema hivyo.

Allah alipowateulia Bani Israil Twaluti awe mfalme, nao wakalalamika kuwa si tajiri, walijibiwa kuwa amezidishiwa elimu na mwili. Hilo limo katika Suratul Baqara aya ya 247. Binti wa yule mzee wa Madyan, alipomshauri baba yake amuajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Na Abu Dharr (r.a.), pamoja na utukufu wake, alipoomba kupewa uongozi Mtume alimueleza waziwazi kuwa yeye ni dhaifu na kuwa uongozi ni amana.

Wanazuoni wetu wa Kishafii wamelifafanua jambo hili tangu zamani. Imam Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, katika kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya ameweka miongoni mwa sharti za uongozi mkuu kusalimika kwa hisia na viungo. Lakini tazama umakini wake. Hakusema kila mgonjwa hafai. Amezipambanua kasoro moja baada ya nyingine. Kupotewa na akili kunazuia uongozi, na upofu kamili kwake yeye unazuia. Lakini kutosikia harufu au ladha hakuzuii, na udhaifu wa macho wa mtu anayewatambua watu akiwaona hauzuii. Kipimo chake ni kazi: je, maradhi haya yanamzuia mtu kutekeleza alichopewa? Na tukumbuke kuwa Ibn Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na Mtume (s.a.w.) alimuachia Madina awasalishe watu yeye alipotoka safari.

Kwa hiyo swali la haki kwa mgombea halihusu kama ana kisukari au presha. Watu wangapi miongoni mwetu wana kisukari na wanafanya kazi zao vizuri? Swali la haki ni hili: je, una uwezo wa kuibeba kazi hii kwa muda unaouomba? Hilo aulizwe yeye mwenyewe, chama chake na waandishi wanaotaja majina yao, tena hadharani. Imam An-Nawawi, alipotaja sehemu ambazo kumtaja mtu kwa analolichukia kunaruhusiwa, aliweka miongoni mwake kuwatahadharisha Waislamu na kumtolea nasaha anayetaka ushauri. Lakini ruhusa hiyo ni ya mwenye elimu ya jambo, kwa kadiri ya haja, kwa anayehusika. Kurusha sauti ya asiyejulikana kwa watu mia mbili hakumo humo.

Kwa anayekwisha kuwa Rais, Katiba ya Jamhuri ya Muungano katika ibara ya 37 imeweka njia: Baraza la Mawaziri linaweza kumwendea Jaji Mkuu, naye akateua bodi ya madaktari wasiopungua watatu kuchunguza kama Rais hamudu kazi kwa sababu ya maradhi ya mwili au akili. Hata sheria za dunia zimelipeleka suala hili kwa wenye ujuzi. Halikuachiwa barazani.

Siku ya Uhud

Uvumi wa maradhi una ndugu yake mkubwa, nao ni uvumi wa kifo. Umma huu ulionjeshwa mapema.

Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, aliuawa Mus'ab bin Umair (r.a.), aliyekuwa amebeba bendera na aliyefanana na Mtume (s.a.w.). Muuaji wake akadai kuwa amemuua Muhammad, na ukelele huo ukaenea uwanja mzima. Baadhi ya Waislamu wakaishiwa na nguvu, wakakaa chini. Akawapitia Anas bin An-Nadhr (r.a.) akawauliza wamekalia nini. Walipomwambia Mtume ameuawa, aliwauliza watafanya nini na uhai baada yake, akawataka wainuke wafe kwa lile alilofia, naye akasonga mbele mpaka akauawa. Mwili wake ulikutwa na majeraha zaidi ya 80, na aliyemtambua ni dada yake, kwa ncha za vidole vyake.

Na Mtume alikuwa hai. Ka'b bin Malik alimtambua kwa macho yake chini ya kofia ya chuma.

Allah akateremsha aya ya 144 ya Suratu Aali Imran, inayokumbusha kuwa Muhammad ni Mtume na wamepita kabla yake Mitume, na kuuliza kama akifa au akiuawa watu watageuka kurudi nyuma. Miaka minane baadaye, Mtume alipofariki kweli na Umar mwenyewe akashindwa kuamini, Abu Bakr Siddiq (r.a.) aliisoma aya hiyohiyo, watu wakatulia.

Angalia basi. Aya moja iliwatibu watu siku ya uvumi, na ikawatibu siku ya ukweli. Mwenye kuifahamu hayumbishwi na khabari ya kifo cha kiongozi yeyote, iwe ya uongo au ya kweli, kwa sababu hakuliweka tegemeo lake juu ya pumzi ya mwanadamu. Ikiwa kipenzi cha Allah alikufa na dini ikabaki, seuze mgombea wa chama?

Yaliyopita mbele ya macho yetu

Wale tuliokuwa watu wazima mwaka 2005 tunakumbuka. Uchaguzi ulipangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, alifariki dunia. Sisi Zanzibar tulipiga kura zetu siku ileile iliyopangwa, lakini uchaguzi wa Muungano uliahirishwa mpaka tarehe 14 Disemba. Hapo utaona kuwa khabari ya kifo cha mgombea si porojo za kupitishia jioni. Inagusa kura ya nchi nzima. Na aliyeitangazia nchi tarehe mpya ilikuwa Tume ya Uchaguzi, ambayo ndiyo yenye kazi hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2015. Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, aligombea urais kupitia CHADEMA akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Tangu mwanzo mpaka mwisho wa kampeni afya yake ilikuwa mazungumzo ya watu. Hotuba zake zilikuwa fupi, na kila ufupi wake ulipewa tafsiri. Wapo waliosema hatamaliza hata kampeni. Upande wa pili, mgombea wa CCM, John Pombe Magufuli, alionekana akipiga pushapu jukwaani mbele ya umma, na watu wakashangilia nguvu zake.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 25 Oktoba 2015, Magufuli akashinda. Alifariki tarehe 17 Machi 2021 akiwa na umri wa miaka 61, na iliyotangazwa ni kuwa amefariki kwa maradhi ya moyo. Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024 akiwa na miaka 70. Yule ambaye watu walimhesabia miezi aliishi zaidi ya miaka minane baada ya uchaguzi ule, akamzika aliyekuwa akipiga pushapu.

Sisemi haya kumsifu mmoja wala kumkebehi mwingine. Wote wawili wamekwenda kwa Mola wao na sisi tuko njiani. Wala sisemi kuwa Lowassa alikuwa mzima kabisa au mgonjwa, kwani hilo si langu kulijua. Nasema kuwa Allah katika aya ya mwisho ya Surat Luqman ametufahamisha kuwa hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho, wala itafia ardhi gani. Nchi nzima tulibishana kuhusu jambo ambalo elimu yake hatukupewa.

Mficha maradhi

Kuna atakayenirudi na kuniambia: Sheikh, mbona 2021 uvumi ulikuwa kweli?

Ni swali la haki. Magufuli hakuonekana hadharani tangu mwisho wa Februari 2021. Wiki zile watu walisema ni mgonjwa, viongozi wakasema ni mzima na anaendelea na kazi, na wapo waliokamatwa kwa kueneza khabari za ugonjwa. Kisha usiku wa tarehe 17 Machi, Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo chake.

Jibu langu lina pande mbili. Upande wa msemaji: aliyetaja ugonjwa bila kujua, kisha ukweli ukatokea, hakuwa mkweli, alibahatisha. Wiki hizohizo kulisemwa mengi, kuhusu aina ya maradhi na nchi alikopelekwa, na hayakuweza kuwa kweli yote kwa pamoja. Anayerusha mawe kumi gizani likapata moja hasemi kuwa anaona.

Upande wa wenye khabari: wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kimya cha wenye madaraka ndicho kinachoulisha uvumi. Aya ya Suratun Nisaa inatuamrisha tuirudishe khabari kwao, na kuirudisha kunahitaji wao wawe watu wa kujibu kwa ukweli. Raia akigonga mlango asifunguliwe, atatafuta dirisha. Hilo halimhalalishii yeye uzushi, lakini wao wana sehemu yao ya lawama mbele ya Allah.

Na tuna mfano mwema hapa kwetu, wa mwezi mmoja tu kabla. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyegombea urais wa Zanzibar mara sita, alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais alipougua mwanzoni mwa 2021. Chama chake, ACT-Wazalendo, kilitoa taarifa wazi kuwa amepata maambukizi ya korona na amelazwa. Kusema hivyo wakati ule haikuwa jambo jepesi. Lakini matokeo yake ni kuwa watu walijua wanamuombea nini. Alipofariki tarehe 17 Februari 2021 huzuni ilikuwa kubwa, lakini haikuchanganyika na hisia ya kudanganywa. Mgombea yeyote na familia yake wazingatie hili. Si lazima kutaja kila kidonge. Taarifa fupi ya kweli huzima sauti elfu.

Anayesikia kicheko chetu

Naomba nikiri jambo langu mwenyewe, kwani kuwafundisha watu na kujisahau ni hatari.

Katika moja ya kampeni zilizopita tulikuwa tumekaa barazani baada ya Magharibi. Mmoja wetu akasimama akamuigiza mgombea mmoja anavyotembea. Sitamtaja mgombea huyo. Tulicheka, na mimi nikacheka pamoja nao, na nikaongeza neno. Ami yangu alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia, na akitembea mguu mmoja akiuburura. Hakusema kitu. Aliomba fimbo yake, akaaga, akaenda zake.

Siku tatu hakuja barazani. Nilipokwenda kumuangalia alinikaribisha kahawa kama kawaida, tukazungumza ya bahari na ya watoto. Nilipotaka kuondoka akaniambia, "Mwanangu, ule mwendo mliokuwa mkiucheka ndio wangu."

Sikuwa na la kujibu. Nilimbusu mkono nikamuomba radhi. Alinisamehe, lakini kwenye baraza ile alirudi kwa nadra mpaka alipofariki, Allah amrehemu.

Mgombea yule huenda hakuwahi kukisikia kicheko chetu. Aliyekisikia ni ami yangu. Kila uvumi wa maradhi unapogeuzwa mzaha, nyumba ya jirani kuna mwenye maradhi hayohayo anayejifunza kuwa watu wanamuona si kitu. Vijana wa vyama vyote wanaogombana katika maskani zao wana mama na baba majumbani wenye presha, kisukari na kiharusi. Hujafa hujaumbika. Katika hadithi aliyoipokea Imam At-Tirmidhi, tumekatazwa kuonyesha furaha kwa msiba wa ndugu, isije Allah akamrehemu yeye na sisi akatujaribu kwa uleule. Haki ya mgonjwa juu yetu ni kumzuru na kumuombea, awe wa chama chetu au cha wengine.

Utakapofikiwa na uvumi

Kivitendo, Muislamu akiletewa khabari ya aina hii afanye yafuatayo:

1. Asiirushe papo hapo. Utulivu ni katika sifa mbili ambazo Mtume (s.a.w.) alimsifia Ashaj wa Abdul-Qais na kumueleza kuwa Allah anazipenda, ya pili ni upole. Khabari ya kweli haitaharibika ikikaa mpaka asubuhi.

2. Aulize nani anasema. Mtu asiyetaja jina lake katika jambo zito kama hili hakujitolea kuwa shahidi. Na zama hizi za akili mnemba, sauti na sura ya mtu huweza kutengenezwa, kwa hiyo hata kusikia sauti unayoitambua si hoja.

3. Aangalie tarehe. Picha nyingi za mgombea akiwa kitandani ni za zamani, au ni za mtu mwingine kabisa.

4. Atenganishe kilichoonekana na kilichokisiwa. "Hakuhudhuria mkutano" na "amepooza" ni khabari mbili tofauti.

5. Arudishe khabari kwa mwenyewe: chama, familia, au Tume ikiwa ni khabari ya kifo. Wakikaa kimya, anayo haki ya kuwadai jibu hadharani, kwa adabu na kwa jina lake.

6. Amuombee dua. Dua haihitaji uthibitisho. Akiwa mgonjwa itamfaa, akiwa mzima itamfaa vilevile, na Malaika humuombea mwenye kuomba mfano wa aliyoyaombea.

Na tusisahau kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeifanya kuwa kosa kusambaza taarifa za uongo mtandaoni. Lakini Muislamu hangojei polisi. Malaika wawili wanaandika.

Na aliyekwisha kurusha?

Huyu asikate tamaa. Mlango wa toba uko wazi. Ajute, aache, aazimie kutorudia. Na kwa kuwa hapa ipo haki ya mtu mwingine, airekebishe pale alipoiharibu. Ikiwa aliirusha katika kikundi cha watu mia mbili, aseme katika kikundi kilekile kuwa hana uthibitisho na kwamba amekosea. Suratul Baqara aya ya 160 imewataja wanaotubu, wakatengeneza na wakabainisha. Kufuta ujumbe kimyakimya si kubainisha. Kumwendea mgombea mwenyewe kuomba radhi kwa kawaida hakuwezekani, na baadhi ya wanazuoni wamesema ikiwa kumjulisha kutaleta madhara makubwa zaidi, inatosha kumuombea msamaha na kumtaja kwa wema palepale alipotajwa kwa ubaya.

Ama yule kijana wa sauti ya simu, aliifuta mbele yangu. Nikamwambia asiishie hapo, amjibu aliyemtumia, tena kwa upole, kwani aliyemtumia ni mjomba wake. Akaandika: "Mjomba, shikamoo. Sheikh anauliza wewe umeipata kwa nani?" Jibu lilikuja baada ya muda mfupi. Mjomba alisema hamjui aliyeianzisha, na yeye pia ameletewa tu.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, wanaojulikana na wanaoficha. Azilinde ndimi zetu na vidole vyetu. Atupe viongozi wenye nguvu na uaminifu, na atujaalie kuupita msimu huu tukiwa bado ni ndugu.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.